Nilichojifunza Nikikusanya Ada ya Maji ya Mfereji

Mkulima wa mpunga ukimuuliza yuko tayari kulipa shilingi ngapi kwa maji ya msimu, atakujibu. Hawezi kukunyima jibu, umeshakaa kwenye kiti chake na maji ya kunywa umeshapewa. Ugumu unaanza siku unaporudi kwake na kitabu cha stakabadhi.

Mimi nimewafikia wakulima hao kwa njia zote mbili. Nilipomaliza shule nilipata kibarua cha kujaza madodoso kwa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa akitafiti jambo hilihili, na miaka kadhaa baadaye wakulima walewale wakanichagua kuwa mweka hazina wa chama chetu cha wamwagiliaji. Skimu yetu iko kwenye tambarare ya chini ya Moshi, huku ambako asubuhi ukitazama kaskazini unauona mlima wote, na ukigeuka kusini unaona miwa mpaka macho yachoke. Jina lake sitaliandika. Watu wake ni majirani zangu, na wengine bado wana madeni.

Asiyejua mambo ya huku aanzie mwaka 1987. Ndipo skimu ya Lower Moshi ilipokamilika kwa mkopo wa Japani, ikitumia maji ya mito Rau na Njoro, na mashamba yakakatwa vipande vilivyonyooka vya mita 30 kwa 100. Zaidi ya hekta elfu moja zilipangiwa mpunga. Mbegu fupi ya IR54 ilizaa kuliko chochote ambacho wazee walikuwa wamewahi kuvuna, na habari za mavuno hazifichiki. Wakulima wa juu ya mito, ambao michoro haikuwahesabu, nao wakachimba majaruba yao na kufungua mifereji. Maji yaliyokuwa yakifika chini yakapungua, na baada ya miaka michache sehemu ya ardhi iliyosawazishwa kwa gharama kubwa ikawa haipati maji ya kutosha mpunga. Skimu ndogondogo za jirani, yetu ikiwamo, zimekulia ndani ya hali hiyo: mto uleule, watu wengi zaidi.

Sasa lile dodoso. Swali kubwa lilikuwa moja, na lilikuwa la kupanda na kushuka. Unamtajia mkulima kiasi, tuseme shilingi 20,000 kwa shamba kwa msimu, unamuuliza kama angekubali kulipa iwapo maji yangepatikana ya kutosha. Akisema ndiyo, unapandisha. Akisema hapana, unashusha. Unaendelea hivyo mpaka afike mahali hasogei. Mzee mmoja nilimpandishia mara tatu akaanza kucheka. "Wewe kijana," akasema, "unanipandishia kama dalali wa mnada wa ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hatujamwona."

Mzee huyo shamba lake liko mwisho kabisa wa mfereji. Alinitajia elfu hamsini.

"Hamsini, mzee?"

"Hamsini. Nikiyapata."

Nikaandika 50,000. Akaniuliza kama nimeandika na ile "nikiyapata". Nikamwambia kwenye kisanduku inaingia namba tu. "Basi futa na hiyo hamsini," akasema, na hakuwa anatania.

Kwa wa mwanzoni mwa mfereji, karibu na banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, majibu yalikuwa mengine kabisa. Huko nilikutana na sifuri nyingi. "Maji haya yanapita mlangoni kwangu tangu sijaoa," aliniambia mmoja. "Nimlipe nani? Aliyeyaleta ni nani?" Wapo waliosema wazi kwamba wakitaja kiasi kikubwa, mwakani serikali itawatoza kiasi hichohicho, kwa hiyo niandike kidogo. Ilikuwa akili timamu. Mimi mwenyewe ningejibu hivyo.

Mtafiti alikwenda zake na wastani wake, nami sikuuona. Lakini nilishajua kwamba wastani wa sifuri ya mwanzoni na hamsini ya mwishoni hauwezi kumwambia mtu chochote kuhusu skimu yetu, kwa sababu watu wale wawili walikuwa wanaulizwa bei ya vitu viwili tofauti. Mmoja ana maji tayari, anaulizwa kama angependa kuanza kuyalipia. Mwingine hana, anaulizwa kama angependa kuyapata.

Yule wa mwanzoni si mkorofi, na hoja yake inataka jibu la heshima. Mto unatoka kwenye msitu wa mlima na chemchemi zake, hakuna ofisi iliyouchimba. Hata Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini tu kwa niaba ya wananchi. Nilipokuwa mweka hazina nilijifunza kutobishana naye hapo. Nilimwonyesha daftari. Chama kinalipa ada ya kibali cha kutumia maji kwenye bodi ya maji ya bonde. Kinamlipa mgawa maji. Kinanunua saruji, nondo, mbao za mageti, kinakodi katapila pale mto unapojaza mchanga kwenye banio. Maji bure, sawa mzee, lakini geti je? Wengine walinielewa, wengine waliniambia geti hilo ni la walio chini, wao wa juu hawalihitaji. Na ndivyo ilivyo. Aliye karibu na banio hata geti likivunjika anapata maji, tena mengi zaidi.

Kuna mama mmoja mwenye mashamba mawili kwenye mfereji mdogo wa mwisho. Kwenye dodoso alisema elfu tano, si zaidi, hali ya maisha mwanangu. Siku chache baadaye nikamkuta kwenye mtaro wa kutolea maji, amekodi pampu. Kijana anamimina petroli kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa, mpira wa turubai umelala juu ya tuta, umevuja sehemu mbili na kufungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na mama amekunja kanga mpaka magotini anafuata maji yanavyoingia jarubani, anaziba mashimo ya panya kwa kisigino. Mpunga ulikuwa na mimba. Maji yakikosekana wakati huo, hasa unapochanua, unavuna mapepe: suke linasimama vizuri, ukilishika halina kitu. Nikamuuliza pampu inakunywa lita ngapi. Akasema kama tano hivi kwa shamba moja, hapo bado ya kukodi, na kijana naye anataka chai.

"Mama, mbona kwangu ulisema elfu tano kwa msimu?"

"Ile ni ya mfereji, mwanangu. Hii naiona inaingia."

Sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo. Kwa bei ya mwaka 2022, lita moja ya petroli ilipopita shilingi 3,000, lita tano ni elfu kumi na tano na ushei kwa kumwagilia mara moja, na kipindi cha kuchanua hutamwagilia mara moja. Nilipokuja kuwa mweka hazina ada yetu ilikuwa 20,000 kwa msimu mzima, na yeye alikuwa mmoja wa wadaiwa sugu. Aliyemwona kwenye daftari langu angesema huyu hana uwezo au hana nia. Aliyemwona pale mtaroni angesema huyu analipa kuliko sisi wote.

Kulikuwa na malipo mengine ambayo hayamo kwenye katiba ya chama. Zamani, kabla hatujabadilisha utaratibu, ukitaka geti lako lifunguliwe usiku ambao si zamu yako ulimwona mhusika na kumwachia "ya soda". Elfu mbili, elfu tatu, kwa M-Pesa au mkononi. Sitasema ni nani na hayupo tena kwenye kazi hiyo. Nataka tu kusema kwamba wale waliokuwa wakisimama mkutanoni na kulalamika kwamba ada ni kubwa, baadhi yao walikuwa wateja wazuri wa soda hizo. Ukijumlisha soda za msimu, unapata matengenezo ya mageti yote. Watu hawakuwa wagumu wa kutoa. Walitoa pale ambapo fedha ikitoka mkono huu, maji yanaingia upande wa pili.

Niseme kidogo hesabu ya maji yenyewe, maana wengi wanaoongelea bei hawajui kinachonunuliwa. Vibali vya maji huandikwa kwa lita kwa sekunde. Shamba la mita 30 kwa 100 ukitaka kulitandazia maji ya kina cha sentimeta 10, unahitaji mita za ujazo 300, yaani lita laki tatu. Mfereji unaokuletea lita 10 kwa sekunde utakujazia shamba hilo kwa saa nane na kidogo. Ukikuletea lita moja kwa sekunde, utakesha siku tatu na nusu, na hapo nimeachia mbali yanayozama ardhini na yanayoibwa njiani. Kwa hiyo zamu ya saa sita inaweza kuwa mali nyingi au isiwe kitu, kutegemea walio juu yako usiku huo wameziba au hawajaziba. Dira za kupimia maji hatuna. Tuna ubao wa kupimia kina kwenye mfereji mkuu, basi. Kumtoza mtu kwa ujazo, kama Luku ya umeme, ni maneno ya semina. Sisi tunatoza kwa shamba, na kwa muda mrefu tutaendelea kutoza kwa shamba.

Ubaya wake upo. Kijana mmoja wa skimu yetu alijifunza kilimo shadidi: miche ya siku nane hadi kumi na mbili, mmojammoja kwa shimo, nafasi ya sentimeta 25 kwa 25, na shamba unalilowesha kisha unaliacha likauke kidogo kabla ya kulilowesha tena. Alivuna vizuri kwa maji machache. Halafu akaja ofisini, yaani chini ya mwembe, kudai punguzo. "Mimi nalipa elfu ishirini, na huyu jirani yangu anayefuga vyura jarubani naye elfu ishirini?" Hatukumpunguzia, hatukuwa na njia ya kupima. Alichofanya ni kumpa jirani zamu zake alizokuwa hazihitaji, na jirani akamlimia kwa pawatila bila malipo. Hakuna aliyeniuliza ruhusa. Nilijua kwa kuona pawatila isiyo yake shambani kwake, nikanyamaza. Bei ya maji ilikuwa imeshapatikana pale, tena bila dodoso.

Jambo ambalo nisingelijua kama ningebaki kuwa mtu wa madodoso ni la usiku. Mgao wetu unazunguka saa ishirini na nne, na mashamba mengi ya mwisho yalikuwa yakipata zamu kati ya saa nne usiku na alfajiri. Mwanaume anachukua tochi na jembe, anakwenda. Mama mjane je? Anamtafuta kijana, anamlipa kwa usiku mmoja, na asubuhi hajui kama alikesha au alilala kwenye tuta. Kuna aliyekwenda mwenyewe akakuta mtu wa juu ameziba mfereji kwa kiroba cha tope, akaogopa kukitoa peke yake gizani, akarudi nyumbani na zamu ikapita. Akina mama kadhaa waliniambia kila mmoja kwa wakati wake: nipe mchana nitalipa mara mbili. Si mume wa mtu aliyenipa wazo hilo hata mara moja.

Kamati ilipolijadili, wapo waliotaka tuuze zamu za mchana kwa bei ya juu. Nilipinga. Ukiziweka sokoni watazinunua wenye mashamba kumi, na mjane atabaki na usiku wake pamoja na bei mpya. Tulikubaliana zamu zizunguke: aliyepata usiku mzunguko huu, mzunguko ujao apate mchana. Haikutugharimu senti. Baada ya hapo wajane walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipa, na nakumbuka mmoja alikuja kabla hata sijafungua kitabu kipya.

Wataalamu wanaokuja kutufundisha huuliza kwa nini asiyelipa tusimfungie maji. Ni swali zuri kwa mtu wa bomba. Kwenye sehemu kubwa ya skimu yetu maji hayaendi kila shamba kutoka mferejini, yanapita shamba hadi shamba. Ukimfungia mdaiwa aliye katikati, umewafungia watano walio chini yake ambao wamelipa. Na hata pale penye geti la mtu mmoja, jaribu wewe kufunga geti la jirani yako mpunga wake ukiwa unachanua, halafu kesho mkutane msibani. Tulichoweza ni kumzuia mdaiwa asiingizwe kwenye ratiba ya msimu unaofuata mpaka alipe au aweke ahadi mbele ya kamati. Hilo linaumiza kwa sababu kitalu cha miche hakisubiri. Ila nalo lina mlango wa nyuma, mpangaji.

Nusu ya mashamba ya kwetu yanalimwa na waliokodi. Mwenye shamba yuko mjini Moshi au Dar es Salaam, aliyekodi analima msimu mmoja anahama. Mwenye shamba anasema ada ni ya anayetumia maji, aliyekodi anasema ada ni ya mwenye mali. Wote wawili wana hoja na mimi nina daftari tupu. Tuliandika kwenye sheria ndogo kwamba deni linafuata shamba, wala halimfuati mtu. Tangu hapo wenye mashamba wakaanza kuuliza stakabadhi ya maji kabla ya kukodisha tena. Kama unaanzisha chama, andika hilo mapema.

Wakati wa kudai nao ni nusu ya kazi. Mwanzoni mwa msimu mkulima analipia mbegu ya SARO, pawatila ya kuvuruga, vibarua wa kupandikiza, mbolea ya kukuzia. Ukimfuata hapo na ada, utapata ahadi. Ukimfuata baada ya mavuno, fedha ipo, lakini ipo kwa siku chache sana: kuna ada ya shule, kuna deni la duka la pembejeo, kuna bati. Tulijaribu kupokea mpunga badala ya fedha. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri, kila mmoja ana mpunga siku ya mavuno. Kumbe kuna mpunga wa kulipia ada. Ulikuja mbichi, ulikuja na mapepe, ulikuja kwenye viroba ambavyo kila mwenye nacho aliapa ni debe sita. Siku ya kuuza, lumbesa ya mnunuzi, yaani kiroba kilichojazwa kupita kipimo, ikameza tofauti iliyobaki. Panya nao hawakukosa zao. Tuliacha baada ya msimu, ingawa wapo waliosikitika, hasa wazee, kwa sababu mpunga kidogo hauwaumi kama noti.

Wenzetu wa Mwea, Kirinyaga, Kenya, walishapita njia nyingine. Huko shirika la serikali lililosimamia skimu ndilo lililokuwa likichukua mpunga wa mkulima na kukata gharama zake, za maji zikiwamo, kabla mkulima hajaiona hela yake. Makusanyo ya namna hiyo hayana mdaiwa. Mwaka 1998 wakulima walichoka, wakagoma kupeleka mpunga na kuanza kuuuza wenyewe. Wapo watu kwetu wanaotamani mfumo wa kukatwa juu kwa juu kwa sababu ni mwepesi kwa mweka hazina. Ni mwepesi kweli. Mwishowe tulichagua mwezi mmoja baada ya mavuno, kwa simu au mkononi, kwa awamu mbili ukitaka.

Na kuna malipo ambayo sikumbuki kama dodoso liliyauliza hata kidogo. Huku Kilimanjaro na Upareni watu wamekuwa wakichimba na kutunza mifereji kabla ya serikali yoyote ya leo. Mfongo, yaani mfereji wa asili, ulikuwa na wazee wake, ulikuwa na siku yake ya kusafishwa, na asiyetokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, alilipa faini au alikosa maji. Mtu anayeingia mferejini asubuhi na jembe, akatoka saa sita amejaa tope mpaka mabegani, amelipa. Tulipopandisha ada ya fedha, jambo moja lilinishangaza: mahudhurio ya kusafisha mfereji yalishuka. "Si nimelipa?" Mtu anakuonyesha stakabadhi yako mwenyewe. Ilibidi tutenganishe, ada ni ya banio, mageti na kibali, mfereji mdogo unaopita kwako ni jembe lako. Walio maskini kabisa tuliwaruhusu kulipa sehemu ya ada kwa siku za kazi, na kazi yao ilionekana kuliko fedha za wengine.

Kuonekana ndiko kulikonisaidia kuliko maneno yote niliyowahi kusema mkutanoni. Masika moja mto ulikuja na mchanga ukafukia banio, na geti kuu likapinda. Miaka ya nyuma tungeandika barua wilayani na kusubiri. Safari hii kulikuwa na fedha kwenye akaunti. Fundi alikuja, geti likanyooshwa na kuchomelewa watu wakitazama, na bei ya kila kitu niliiandika kwa chaki kwenye ubao: nondo, saruji, fundi, katapila, chakula cha vibarua. Chini yake nikaandika kilichobaki. Mtu mmoja alisoma ubao, akakokotoa mwenyewe kwa kijiti ardhini, akanikuta nimekosea shilingi mia tano kwa kuipunja akiba, akafurahi kweli. Msimu uliofuata sikuhitaji kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa nusu ya watu.

Majina ya wadaiwa sikuyaandika ubaoni, ingawa kamati ilitaka. Niliandika ya waliolipa. Kila mtu anajua kusoma kilichokosekana.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikuja baada ya wataalamu wa dunia kukubaliana mjini Dublin, Januari 1992, kwamba maji yana thamani ya kiuchumi katika matumizi yake yote. Nakubali. Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya 2013 nayo imetupa tume na mfuko, na chama kama chetu kina pa kushika. Lakini kutoka kwenye "yana thamani" hadi "watu watalipa" kuna mfereji mrefu, na wanaoishi mwisho wake ndio wa kuulizwa kwanza.

Ndiyo maana mkutano wa mwisho kabla sijakabidhi daftari ulikuwa mtamu. Walio mwisho wa mfereji wa tatu walisimama wakapendekeza ada ipande kutoka 20,000 hadi 35,000. Ukumbi ulizizima. Wakulima wanaomba kupandishiwa! Kisha msemaji wao, mama wa pampu, akatoa sharti: mgao uanzie kwao. Zamu ya kwanza ya kila mzunguko iwe ya shamba la mwisho, ipande kurudi juu, na aliye karibu na banio awe wa mwisho. Akasema petroli inamla zaidi ya hapo, kwa hiyo hawafanyii chama hisani.

Wa mwanzoni walipiga kelele, wakasema maji yatapotelea njiani mfereji ukiwa mkavu, jambo ambalo lina ukweli wake. Tulibishana mpaka jua likaanza kuzama. Tulichopitisha ni majaribio kwenye mfereji huo mmoja, baada ya kuusafisha wote kwa msaragambo, na ada mpya iwahusu wao tu. Mwisho wa msimu wale wa chini walikuwa wamelipa karibu wote, na pampu zilionekana mara chache mtaroni. Wa mwanzoni mwa mfereji ule walichelewa kulipa kama kawaida yao, ila maji waliyapata.

Sasa mfereji wa pili nao wameandika barua, wanataka utaratibu huohuo kwa bei hiyohiyo. Shamba la kwanza kabisa kwenye mfereji wa pili ni la mwenyekiti wetu. Ajenda imepangwa kujadiliwa baada ya mavuno.